Kuganda na kujifunga kwa kivinjari: hitilafu mbili tofauti

Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome au Firefox, kikiganda bado kipo. Dirisha linaonekana, ukurasa uko palepale, ila ukibofya hakuna jibu, ukiandika herufi hazitokei, na pengine dirisha zima linapauka. Kivinjari kilichojifunga hakipo tena: dirisha limetoweka, mara nyingine bila hata ujumbe, nawe umebaki ukitazama mandhari ya kompyuta. Watu huyachanganya haya mawili kwa sababu hasara ni ileile, kazi imesimama. Lakini kilichoganda kwa kawaida kimeelemewa au kinasubiri kitu, na kilichojifunga kimezimwa. Ukianza kutafuta dawa kabla ya kujua ni kipi kati ya hivyo, utazunguka mchana kutwa.

Tuanze na kuganda. Ukurasa wa wavuti wa siku hizi si maandishi na picha tu. Ndani yake mna programu, na lugha ya programu hiyo ni JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 akiwa Netscape, kampuni iliyotengeneza vivinjari. Kwa kawaida msimbo huo unatekelezwa kwenye uzi mmoja (thread), yaani mstari mmoja wa kazi zinazofuatana, na uzi huohuo ndio unaochora ukurasa na kupokea mibofyo yako. Ni kama ofisi yenye karani mmoja: akizama kwenye jalada nene, foleni yote inasubiri, hata yule aliyekuja kuuliza jambo la nusu dakika.

Kwa hiyo mbofyo wako haujapotea, uko kwenye foleni. Ukibofya mara kumi kwa hasira, ukurasa ukizinduka unaweza kuitekeleza yote kumi kwa mpigo. Kwenye ukurasa wa kusoma habari hilo halina madhara. Kwenye ukurasa wa malipo, tulia.

Windows nayo ina namna yake ya kuamua kwamba programu imeganda. Dirisha lisiposhughulikia ujumbe wowote kutoka kwa mfumo kwa sekunde 5, mfumo hulifunika kwa nakala iliyopauka na kuandika "Not Responding" kwenye upau wa juu. Maneno hayo yanawatisha watu bure. Hayasemi kwamba programu imeharibika, yanasema tu kwamba haijajibu kwa sekunde 5. Kuipa dakika moja au mbili kabla ya kuiua si uzembe, hasa kama kuna fomu uliyokuwa umeijaza nusu.

Kujifunga kuna sababu nyingine. Kila programu hupewa na mfumo endeshi sehemu yake ya kumbukumbu. Ikijaribu kusoma au kuandika mahali pasipokuwa pake, mfumo huizima papo hapo ili isivuruge nyingine. Vilevile ikiomba kumbukumbu zaidi ikakosa, nyingi hazina njia ya kuendelea.

Zamani jambo hilo liliumiza zaidi, kwa kuwa kivinjari kizima kilikuwa mchakato mmoja, yaani programu moja inayoendeshwa kama kitu kimoja: ukurasa mmoja ukianguka, vichupo (tab) vyote vinakwenda nao. Chrome ilipotoka Septemba 2008 ilikuja na mpango wa kugawa vichupo katika michakato mbalimbali, na Firefox ilianza kuwafikishia watumiaji mpango wa aina hiyo mwaka 2016, katika toleo la 48. Ndiyo maana leo kichupo kinaweza kufa peke yake, kikaacha uso wenye huzuni na maneno "Aw, Snap!" huku vingine vikiendelea kama kawaida. Chini ya uso huo huwa kuna msimbo wa hitilafu ambao wengi hawausomi. Usome. Ukiona "Out of Memory", ukurasa huo umeishiwa kumbukumbu, na hapo huna haja ya kushuku intaneti yako.

Usalama huo una gharama. Kila mchakato una mzigo wake, na baada ya udhaifu wa prosesa uitwao Spectre kutangazwa Januari 2018, Chrome ilikwenda mbali zaidi na kutenganisha hata tovuti moja na nyingine, kuanzia toleo la 67. Wanaolalamika kwamba kivinjari kinakula RAM, yaani hiyo kumbukumbu ya kompyuta, wana haki, ila sehemu ya RAM hiyo ndiyo inayozuia ukurasa mbovu usiangushe mingine.

Swali la kwanza basi ni hili: kilichoganda ni kichupo, kivinjari, au kompyuta? Jaribu kuhamia kichupo kingine. Kikifanya kazi, tatizo ni ule ukurasa. Kisipofanya kazi, jaribu programu nyingine kabisa. Kama hata kishale cha kipanya hakisogei, bonyeza Caps Lock utazame taa yake: ikiwaka na kuzima, mfumo bado uko hai na unaweza kuupa muda, isipobadilika, kilichobaki ni kitufe cha kuwashia tu.

Kama kivinjari bado kinakusikia, bonyeza Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Windows, hiyo hufungua kidhibiti cha shughuli kilicho ndani ya Chrome au Edge. Katika Firefox unaweza pia kuandika about:processes kwenye upau wa anwani. Chombo hiki kinafaa kuliko ushauri wote wa jumla, maana kinakutajia mhusika kwa jina. Bofya juu ya safu ya kumbukumbu hadi vinavyokula zaidi viwe juu, kisha tazama kwa muda bila kugusa kitu. Kichupo ambacho kumbukumbu yake inapanda tu na haishuki kamwe, ilhali hukifanyii chochote, huenda kinavuja: kinachukua na hakirudishi. Kichupo ambacho matumizi yake ya prosesa yamesimama karibu na 100 huenda kimenasa kwenye mzunguko. Na kama kimeganda huku prosesa ikiwa karibu na sifuri, hakifanyi kazi, kinasubiri kitu, labda diski, labda seva. Mara nyingine anayeongoza si kichupo bali ni kiendelezi, yaani programu ndogo ya kukiongezea kivinjari uwezo, ulichokisakinisha zamani ukakisahau. Mchague, malizia mchakato wake, na vingine vitapumua.

Kuna kuganda ambako hakuna kichupo kimoja cha kulaumiwa. RAM ikijaa, mfumo huanza kuhamishia baadhi ya vitu kwenye diski, kisha kuvirudisha vinapohitajika. Diski ni ya polepole kuliko RAM kwa mbali sana, na ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka ni mbaya zaidi. Dalili yake ni kompyuta nzima kuwa nzito, taa ya diski kutozima, na kila kichupo unachorudia kuchukua muda kabla ya kujichora. Hapo funga vichupo. Hakuna mpangilio wa siri utakaofanya GB 4 ziwe 8.

Viendelezi ndio washukiwa wangu wa kwanza pale kivinjari kinapoganda kwenye kila tovuti. Jaribio jepesi ni kufungua dirisha la hali fiche (Incognito), kwa sababu Chrome haiviwashi humo isipokuwa umeviruhusu mwenyewe. Firefox ina hali maalumu ya utatuzi: shikilia Shift wakati wa kuifungua. Kumbuka tu kwamba hali hiyo huzima pia uongezaji kasi wa maunzi (nitaueleza hapa chini), kwa hiyo ikipona humo una washukiwa wawili. Vikiwa viendelezi ni vingi, zima nusu, jaribu, kisha gawa tena ile nusu yenye tatizo. Kimoja kimoja utachoka.

Uongezaji kasi wa maunzi maana yake ni kivinjari kuikabidhi kadi ya picha kazi ya kuchora kurasa na kucheza video. Draiva ya kadi hiyo, yaani programu inayoiendesha, ikiwa na kasoro, utaona eneo jeusi, video inayoganda ilhali sauti inaendelea, au kivinjari kinachojifunga unapokuza dirisha. Zima chaguo hilo kwenye mipangilio, anzisha kivinjari upya, na ukiona kimetulia, sasisha draiva kisha uliwashe tena.

Kufuta akiba (cache), yaani nakala za kurasa ambazo kivinjari huhifadhi, kunasifiwa kupita kiasi. Kunafaa kwa ukurasa unaojitokeza vibaya. Kwa kivinjari kinachojifunga, ni mara chache. Kusakinisha upya nako hudanganya: kwa kawaida wasifu wako, pamoja na viendelezi na mipangilio, hubaki kwenye diski, na tatizo hurudi nao.

Tena kuna siku kosa si lako kabisa. Tarehe 13 Januari 2022 watumiaji wa Firefox sehemu nyingi duniani walishindwa kufungua ukurasa wowote. Badiliko la mipangilio kwenye seva liliamsha kosa lililokuwa limelala kwenye msimbo wa HTTP/3, njia ambayo kivinjari huzungumza na seva: programu ilitafuta maneno "Content-Length" yenye herufi kubwa, yakawa yameandikwa kwa herufi ndogo, nayo ikanasa kwenye mzunguko usio na mwisho. Uzi wa mtandao ukaganda, na kila kilichohitaji mtandao kikaganda nao. Hapakuwa na akiba ya kufuta iliyoweza kutibu hilo.

Kivinjari kinapojifunga mara kwa mara, kiandikie chrome://crashes (Chrome) au about:crashes (Firefox) kwenye upau wa anwani uone tarehe na saa za matukio. Yakilingana na saa ulizofungua ukurasa fulani, umempata. Na kikifunguka kisha kikafa tena palepale kwa sababu kinarudisha vichupo vya mwanzo, kataa kurudishiwa, halafu fungua kimoja kimoja kutoka kwenye historia. Lakini kama programu nyingine nazo zinajifunga ovyo, au kompyuta inajizima yenyewe, acha kushughulika na kivinjari. Endesha kipimo cha kumbukumbu kinachokuja na Windows, kwa kuwa kipande cha RAM chenye kasoro huangusha chochote kinachokigusa, na kivinjari ndicho kinachokigusa zaidi.