Kwa nini usichemshe majani ya vinka

Nikipita Soko la Mbuyuni hapa Moshi, hakosekani mtu wa kunieleza kwamba kwa kuwa vinkristini, dawa ya saratani, hutoka kwenye vinka, lile ua la rangi ya waridi lenye petali tano linalooteshwa mbele ya nyumba nyingi, basi mgonjwa achemshe majani yake, anywe asubuhi na jioni, aepukane na dripu. Chanzo cha dawa wamekitaja sawasawa. Ushauri wenyewe ni wa hatari, na nimechoka kuujibu kwa sentensi moja nikiwa nimesimama juani.

Jibu limo katika historia ya dawa yenyewe. Nchini Kanada, Robert Noble na Charles Beer, waliotenga vinblastini, dawa nyingine ya saratani kutoka mmea huohuo, mwaka 1958, walianza kwa kuchunguza chai ya vinka iliyotumiwa Jamaika kwa ajili ya kisukari. Panya walionyweshwa dondoo, yaani kiini kilichokamuliwa majanini, hawakuonyesha badiliko lolote la sukari. Waliodungwa sindano walikufa kwa maambukizi, kwa sababu chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeporomoka. Utumbo hunyonya alkaloidi hizi, yaani viambato vya mmea vyenye nitrojeni, kidogo tena kwa kiwango kisichotabirika, ndiyo maana hospitalini vinkristini hupitishwa kwenye mshipa.

Kisha kuna suala la kiasi. Tani nzima ya majani makavu hutoa gramu chache tu za vinkristini, na dozi ya mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2. Ndani ya jani hilohilo mna alkaloidi nyingine zaidi ya mia moja, na viwango vyake hubadilika kwa udongo, umri wa mmea na namna ulivyokaushwa. Nani atapima hayo kwa sufuria na kikombe?

Wanafunzi wangu nao huona ninawatesa ninapowarudisha kwenye safu ya silika, bomba la unga unaotenganisha viambato, kwa sababu ya doa moja lililoonekana safi chini ya taa ya urujuanimno, ilhali huenda limeficha viambato viwili. Vinblastini na vinkristini zinatofautiana kwa kundi moja tu la atomi juu ya nitrojeni: methili kwa ya kwanza, formili kwa ya pili. Kwa tofauti hiyo ndogo, ya kwanza hukandamiza zaidi uboho, na ya pili huumiza zaidi neva, hadi mgonjwa akafa ganzi vidole na kufunga choo. Anayesema "ni mmea uleule" hajaona jinsi oksijeni moja mahali pa hidrojeni mbili inavyoweza kuamua mgonjwa ataumia wapi.

Linaloniudhi zaidi ni tangazo kwamba dondoo fulani "limeua seli za saratani maabara". Chumvi nyingi huziua pia. Swali la maana ni kama kiambato kinaziua kwa kiwango kidogo ambacho damu inaweza kukibeba, huku kikiziacha hai seli zenye afya, na viambato vingi mno huanguka hapo.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vyetu hulipita haraka. Mara nyingine dondoo zima hufanya kazi, tukaligawanya, na nguvu ikatoweka katika kila sehemu. Huenda kiambato kimeharibika njiani, au huenda viambato vinasaidiana, kama waganga wetu wanavyoshikilia. Sina haki ya kuwapuuza, ila "huenda" si dozi, na mtoto mwenye leukemia, saratani ya damu, anahitaji dozi.

Kwa hiyo, ndugu mnaouguza, kama mgonjwa wenu yuko kwenye vinkristini, mtajieni daktari kila mmea anaokunywa, hata mkihofia kukaripiwa. Dawa hii huvunjwa na vimeng'enya vya ini, na chochote kinachovizuia, kama ifanyavyo dawa ya fangasi iitwayo itrakonazoli, huiacha mwilini muda mrefu kuliko daktari alivyokusudia.