CBC kwenye tangazo la kazi ya serikali ya Kanada: herufi hizo zinadai nini

Mkenya akiziona hufikiria mtaala wa shule. Aliyekaa Kanada muda hufikiria redio ya taifa. Lakini kwenye tangazo la kazi ya serikali kuu, CBC ni kiwango cha lugha ya pili: kusoma C, kuandika B, kuzungumza C. Mpangilio ni huohuo siku zote, kwa hiyo herufi ya mwisho ndiyo ya mdomo, na ndiyo inayowatoa watu jasho.

Tangu Sheria ya Lugha Rasmi ya 1969, Kiingereza na Kifaransa vina hadhi sawa katika taasisi za serikali kuu. Baadhi ya nafasi zinamtaka mtu anayezimudu zote mbili, na Tume ya Utumishi wa Umma ndiyo yenye mitihani ya kulithibitisha hilo.

Sasa, lugha ya pili ni ipi? Chukua mtu wa Bukavu. Nyumbani ni Kimashi, sokoni Kiswahili, darasani Kifaransa, na Kiingereza alikiokota akiwa kambini Nakivale, Uganda. Kwake Kiingereza ni cha nne. Kwa serikali ya Kanada ni cha pili, maana hapo zinahesabiwa lugha mbili tu. Unataja ipi kati ya hizo ndiyo lugha yako rasmi ya kwanza, halafu unapimwa kwa ile nyingine. Kiswahili chako hakiongezi alama wala hakipunguzi.

Ngazi ni A, B na C, kutoka chini kwenda juu. Ukipata E katika stadi fulani, umesamehewa kupimwa tena katika stadi hiyo. X maana yake hata A hukuifikia.

Mtihani wa kuandika huwashangaza wengi kwa sababu hakuna insha. Unachagua neno la kujaza pengo au unatafuta kosa lilipo. Anayeandika barua nzuri kwa mazoea, bila kujua kwa nini anaandika hivyo, anaweza kukwama hapo.

Kwenye mazungumzo na mtahini, maswali huanza mepesi, kuhusu kazi yako, kisha hupanda. Mtu wa B anasimulia jambo lililopita na kueleza utaratibu unavyokwenda. Mtu wa C anatetea maoni, na anaongea juu ya mambo ambayo hayajatokea. Tofauti hiyo tunaijua vizuri kwa lugha yetu: ni ile -nge- na -ngali-. Mtahini akiuliza, "Ungefanya nini kama bajeti ya kitengo chako ingekatwa nusu?", wengi hujibu, "Sisi kila mwaka tunapanga bajeti mwezi wa tatu, mkuu anaipitia…" Jibu ni safi, sarufi imenyooka, lakini swali la C limejibiwa kwa B. Katika mazoezi nimewasikia watu hodari wakifanya hivyo mara tatu mfululizo, si kwa kukosa mawazo, ila hawajazoea kuijenga "ningefanya" kwa Kifaransa au Kiingereza, basi ulimi unakimbilia wakati uliopo.

Zoezi ninalowapa ni dogo: jirekodi kwenye simu ukieleza kosa moja lililotokea kazini, kisha useme ungalifanya nini kama ungalijua mapema. Dakika tatu, bila karatasi. Ukijisikiliza utajua penye ufa. Lafudhi ya Goma au Mombasa isikunyime usingizi, mradi unaeleweka bila msikilizaji kuhangaika. Na swali ambalo hukulisikia vizuri, omba lirudiwe. Kujibu swali ambalo hukuulizwa ndiko kunakokugharimu.

Kuanzia Juni 2025, nafasi za usimamizi zinazodai lugha mbili, katika maeneo yaliyotambuliwa kuwa ya lugha mbili kama Ottawa na Montreal, zilipandishwa kutoka BBB hadi CBC. Ndiyo maana herufi hizi zinaonekana sana siku hizi, na B ya mdomo iliyowatosha wenzetu waliotangulia haimtoshi anayeomba usimamizi leo.

Matokeo hudumu miaka 5. E haina mwisho. Ukipata nafasi ya lugha mbili na ukastahili posho yake, ni dola 800 kwa mwaka kabla ya kodi, kiasi kilekile cha 1977.