Video inagoma kufunguka? Tazama kilichomo ndani ya faili kwanza

Kijana mmoja aliyewahi kupita kwenye mafunzo yetu alikuja ofisini na diski ya nje mkononi. Alikuwa amepiga harusi kwa kamera tatu na simu moja. Familia inasubiri video, naye kila akiburuta faili za ile kamera mpya kwenye toleo la bure la DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, sauti inasikika ila picha haipo. Rafiki yake alimshauri ashushe "pakiti ya kodeki" mtandaoni. Akashusha, kompyuta ikaanza kujifungulia matangazo yenyewe. Akageukia tovuti ya kubadilisha video bure. Hapo picha zikaonekana, lakini nyuso za wageni zilikuwa zimejaa mabaka. Na ile sehemu ya ndoa iliyopigwa kwa simu, midomo ya shehe ilikuwa inaitangulia sauti yake.

"Shikamoo mwalimu. Hii kompyuta nitupe?"

Kompyuta haikuwa na kosa. Nimekutana na tatizo hili mara nyingi mno, na karibu kila mara mtu huanza kubadilisha faili kabla hajajua ana faili gani. Ndiyo maana naandika.

Herufi za mwisho wa jina, yaani mp4, mov, mkv au mxf, ni gunia tu. Sote tumeona gunia lililoandikwa mbolea likiwa limejaa mahindi. Vivyo hivyo, faili mbili za mp4 zinaweza kubeba picha zilizofungwa kwa njia tofauti kabisa, na njia hiyo ya kufunga picha ndiyo kodeki. Programu inapokataa faili, mara chache inakataa gunia; mara nyingi haijui kufungua kilichomo, au kompyuta haina nguvu ya kukifungua.

Kujua kilichomo, weka programu ya bure iitwayo MediaInfo kisha buruta faili yako ndani yake. Soma mambo manne: kodeki ya picha, idadi ya biti (wingi wa viwango vya rangi), mgawanyo wa rangi (kiasi cha rangi kinachohifadhiwa, huandikwa kama 4:2:2), na kama kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, haibadilikabadiliki. Kwa kijana wetu, faili za kamera mpya zilisomeka HEVC, biti 10, 4:2:2. HEVC ndiyo hiyohiyo H.265, iliyotoka mwaka 2013 baada ya H.264 ya 2003. Resolve ya bure kwenye Windows haikumfungulia aina hiyo, na kadi nyingi za picha za miaka iliyopita haziwezi kuifungua zenyewe. Anayetumia Linux ana mzigo mkubwa zaidi: huko toleo la bure la Resolve halifungui hata H.264 ya kawaida. Premiere Pro, programu nyingine ya kuhariri, nayo katika matoleo mengi imekuwa ikikataa mkv, hata kama kilichomo ndani inakifahamu vizuri.

Hilo la mkv ndilo jepesi kuliko yote. Wengi wanaorekodi masomo kwa OBS, programu ya kurekodi skrini, hujikuta na faili za mkv, na hakuna haja ya kuzirenda, yaani kuzitengeneza, upya. Ndani ya OBS kuna kipengele cha kuhamishia rekodi kwenye mp4. Kwa FFmpeg, programu huria iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, ni mstari mmoja:

ffmpeg -i somo.mkv -c copy somo.mp4

Hapo umebadilisha gunia tu. Kazi inaisha haraka na ubora haupungui hata chembe.

Kodeki yenyewe ikiwa ndiyo tatizo, inabidi ubadilishe kweli, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. H.264 na H.265 zilibuniwa ili video iwe ndogo. Hazihifadhi kila fremu nzima: huhifadhi moja kamili, kisha kwa zinazofuata huandika tu kilichobadilika. Bibi harusi akitembea kwenye zulia, ukuta na mapambo havisogei, basi havirudiwi kuandikwa. Kwa mtazamaji ni sawa. Kwa mhariri, kila unapokata katikati programu inalazimika kurudi nyuma kutafuta fremu kamili na kuanza kuhesabu kutoka hapo. Ndiyo maana taimulaini, ule mstari wa kupangia vipande, inakwamakwama hata faili inapofunguka.

Kodeki za uhariri hufanya kinyume: kila fremu inajitegemea. Apple walitoa ProRes mwaka 2007, na Avid, kampuni yenye programu yake ya kuhariri, wana DNxHD pamoja na DNxHR. Ukipeleka kazi kutoka programu moja hadi nyingine, au kutoka Windows hadi Mac, hizi ndizo lugha ambazo Premiere, Resolve na Avid zote zinazielewa. Anayeogopa kuandika amri atumie Shutter Encoder, ni ya bure. Amri tuliyoitumia sisi kwa kamera ile ni hii:

ffmpeg -i kamera3.mp4 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_hqx -pix_fmt yuv422p10le -c:a pcm_s16le kamera3.mov

Ile hqx inatunza biti 10. Ukiweka dnxhr_hq pamoja na yuv422p, rangi zinashushwa hadi biti 8, na kamera uliyoinunua kwa fedha nyingi imefanya kazi bure. Kwa faili ya biti 8, kama za simu nyingi, hq inatosha. Kuipandisha hadi hqx hakuongezi kitu ambacho kamera haikukiona.

Gharama yake ni nafasi. ProRes 422 ya 1080 kwa fremu 25 hula takriban megabiti 122 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 55 kwa saa. Kamera tatu zikiwa na jumla ya saa 12 za video, ni kama gigabaiti 660. Kama diski haitoshi, tengeneza proksi, nakala nyepesi za kukatia, kisha urudi kwenye faili halisi wakati wa kurenda. DNxHD 36 hula kama gigabaiti 16 tu kwa saa. Mimi ningeshauri proksi kwa harusi nyingi.

Sasa midomo ya shehe. MediaInfo iliandika "Variable", yaani inabadilikabadilika, kwenye kasi ya fremu. Simu nyingi hazipigi fremu 30 kamili kila sekunde. Mwanga ukififia, hupunguza. Tuseme wastani ni 29.6. Dakika 10 zitakuwa na fremu 17,760. Programu ikidhani ni 30 kwa sekunde, picha itaisha kwa sekunde 592, huku sauti ikidumu sekunde 600. Kusogeza sauti kwa mkono hakusaidii, maana pengo linakua kadiri video inavyosonga. Dawa ni kuisawazisha kasi kabla ya kuanza kukata, kwa kuongeza -vf fps=25 kwenye amri. Ukilinganisha na kamera za fremu 25, mwendo utaruka kidogo kwa macho makali, lakini midomo itakaa.

Wenye iPhone wana njia ya kuzuia sehemu ya matatizo haya mapema. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, simu zinazoweza hurekodi kwa HEVC. Kwenye mipangilio ya kamera, chini ya Formats, chagua Most Compatible nayo itarudi kwenye H.264. Na tafadhali, video ya kazi isipitie WhatsApp kama video ya kawaida, kwa sababu inabanwa upya. Itume kama dokyumenti, au tumia kebo.

Kijana wetu alikuwa ameshafuta faili ya simu baada ya kuipitisha kwenye ile tovuti. Tulipiga simu tatu kabla ya kugundua kwamba dada wa bwana harusi bado alikuwa na rekodi ya awali kwenye simu yake. Ikaja kwa kebo, tukaisawazisha, tukaiweka chini ya kamera tatu. Shehe aliposema "nimekuozesha", midomo na sauti vilikuwa pamoja.