Gharama inayopanda maradufu: fomula na makosa yake

Tuchukue gharama inayoanzia 500 na kupanda maradufu kila baada ya miaka 3. Miaka 12 ikitimia itakuwa ngapi? Swali jepesi, ila majibu yake huja ya kila namna.

Dhana: Imepanda mara nne, basi 500 × 2 × 4 = 4,000.

Sivyo. Kila mpando huanzia pale uliotangulia ulipoishia: 1,000, kisha 2,000, 4,000, halafu 8,000. Umezidisha kwa 2 mara nne, yaani kwa 16, na hilo huandikwa kwa kipeo: 500 × 2⁴.

Dhana: Kipeo ni idadi ya miaka.

Hapa ndipo hesabu huharibika vibaya zaidi. Anayeandika 500 × 2¹² anapata 2,048,000, na kama hana mazoea ya kulitilia shaka jibu lake, analipeleka hivyo hivyo. Kipeo huhesabu mipando, si miaka. Kwanza gawanya muda kwa urefu wa kipindi: 12 ÷ 3 = 4. Fomula basi ni

G = A × 2^(t/d)

A ni gharama ya kuanzia, t ni muda uliopita, d ni muda wa kupanda maradufu. Ikiwa d iko kwa miezi, t nayo iwe kwa miezi. Ukihesabu malipo (moja kila kipindi) badala ya muda, malipo ya tano ndiyo yenye kipeo cha 4, maana ya kwanza bado hayajapanda.

Dhana: Asilimia 100 kwa miaka 3 ni asilimia 33 kwa mwaka.

Nyongeza ya mwaka wa kwanza nayo huongezewa mwaka wa pili. Kwa theluthi moja kila mwaka, 500 ingefika takriban 1,185 badala ya 1,000. Kiwango sahihi ni 2^(1/3), karibu 1.26, yaani asilimia 26. Vivyo hivyo, kama gharama inapanda polepole bila kuruka, mwaka wa 5 haipo theluthi mbili ya njia kati ya 1,000 na 2,000. Weka t = 5 upate takriban 1,587; kipeo cha sehemu hakina ubaya wowote.

Dhana: Jumla ya malipo yote lazima ijumlishwe moja moja.

Si lazima. Jumla ya malipo n ya mwanzo ni A × (2ⁿ − 1). Manne ya kwanza: 500 × 15 = 7,500. Yanayofuata peke yake ni 8,000.

Na ukitaka kujua lini itafika 10,000, tumia logi (logarithi, inayokutafutia kipeo). 10,000 ÷ 500 = 20, basi t = 3 × log 20 ÷ log 2, karibu miaka 13.