Nostro ni nini, na kwa nini hela ya Lubumbashi ije Dar kwa kupitia New York

Watu wengi wakituma hela benki kwenda nchi nyingine wanaamini kuna hela imesafiri. Haijasafiri. Kilichoenda ni ujumbe tu, mara nyingi kwenye mtandao wa SWIFT ambao makao yake yako Ubelgiji, unasema punguza huku ongeza kule, na hapo ndo nostro inapoingia.

Nostro ni Kiitaliano, maana yake "yetu". Ni akaunti ambayo benki yako imefungua kwenye benki ya nchi nyingine kwa sarafu ya huko, yaani benki nayo ni mteja wa benki kama wewe. Akaunti hiyohiyo, yule anayeitunza anaiita vostro, "yenu".

Sasa chukua mtu wa Lubumbashi kanunua mzigo Kariakoo. Barabara ipo, malori ya shaba yanashuka kila siku Kasumbalesa, Zambia, Tunduma mpaka bandarini Dar, na Kiswahili kinaongelewa huku na huku. Ila benki ya kule haina shilingi zetu na ya kwetu haina kazi na faranga za Kongo. Na Wakongo wenyewe mfumuko wa bei wa miaka ya 1990 uliwachosha na pesa yao, mpaka leo akiba nyingi kwenye mabenki yao ni dola. Basi wanakutana kwenye dola, na dola ya benki mwisho wake inahesabiwa kwenye vitabu vya Marekani, ndo maana benki zote mbili zinaweka nostro New York, na ile benki ndogo isiyo nayo inaomba kupitia kwa kubwa, na kila anayeigusa anakata chake, halafu ukituma asubuhi wenzako New York bado wamelala maana wako nyuma yetu saa saba au nane.

Kinachoniuma mimi ni zile dola zinazokaa kwenye nostro kusubiri malipo, hela ambayo ingekopeshwa mkulima hapa.

Njia nyingine zipo. Tangu 2013 kuna EAPS, mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki unaounganisha mifumo ya benki kuu, TISS ya Tanzania na KEPSS ya Kenya kwa mfano, unalipa kwa shilingi bila kupita kwenye dola. Na 2022 ilizinduliwa PAPSS kule Accra kwa ajili ya Afrika nzima, kila mtu analipa kwa sarafu yake.

Kama bado unatuma dola, angalia sehemu ya makato kwenye fomu, maana watu wanagombana bure, mmoja anasema nimetuma 5,000 mwingine anaona pungufu. Ukichagua OUR makato yote ni ya mtumaji, SHA mnagawana, BEN anakatwa mpokeaji.