"Wherefore" si "wapi", ni "mbona"

Jumamosi iliyopita nilikuwa harusini, na bwana harusi akachelewa kuingia ukumbini. Mshereheshaji akashika maikrofoni, akaita kwa sauti ya mahaba: "Wherefore art thou, bwana harusi?" Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Nimelisikia neno hilo, wherefore, alilolitumia Juliet wa Shakespeare, likitumika kumtafuta mtu mara nyingi mno, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Wherefore maana yake ni "kwa nini". Halihusiani na mahali hata kidogo.

Kinachopoteza watu ni ile where ya mwanzoni. Lakini where ikishikana na neno dogo kama in, by au with, huacha kuuliza mahali na kushika nafasi ya "nini". Wherein ni "ndani ya nini", whereby ni "kwa njia gani", wherewith ni "kwa kitu gani". Sasa weka for: kwa, nini. Kwa nini! Sisi Waswahili tungekuwa wa mwisho kukosea hapa, maana neno letu tumelijenga kwa matofali yaleyale. Tazama pia ndugu yake, therefore, ambalo kila mwanafunzi wa sekondari analijua. Hilo ni "kwa hiyo", neno kwa neno. Moja linauliza sababu, jingine linatoa hitimisho, na sijawahi kumsikia mtu akidhani therefore ni "kule".

Mizizi yake, hwær na for, ni ya Kiingereza cha Kale, ila ziliungana kuwa neno moja baadaye, yapata mwaka 1200. Lugha za jamaa zina muungano huohuo, na huko haujazeeka: Wanorwei na Wadenishi huuliza hvorfor kila siku, Waswidi varför. Mswahili anayeishi Oslo au Stockholm analitamka pacha wa neno hili kila anapouliza "kwa nini" mtaani.

Hata hivyo, tafsiri ninayoipenda zaidi si "kwa nini". Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Petro anapoanza kuzama, Yesu anamshika mkono na kumuuliza wherefore aliona shaka. Biblia yetu ya Muungano, Mathayo 14:31, inasema: "Ewe mwenye imani haba, mbona uliona shaka?" Mbona! Ndani yake mna swali, mshangao na lawama kidogo. Neno hilohilo la Kiingereza liko pia Mathayo 7:20, lakini hapo haliulizi, linatoa hitimisho, na watafsiri wetu wakaandika: "Ndiposa kwa matunda yao mtawatambua." Mbona na ndiposa, kazi zote mbili katika neno moja.

Basi turudi kwa Juliet wa Shakespeare, katika tamthilia ya Romeo and Juliet, maana ndiko mshereheshaji alikolitoa. Anasema: "Wherefore art thou Romeo?" Juliet yuko juu dirishani, usiku, wala hajui kwamba Romeo yuko bustanini anamsikiliza. Hamtafuti. Kinachomuuma ni kwamba kijana aliyempenda ni wa ukoo wa Montague, mahasimu wa ukoo wake wa Capulet. Ndiyo maana mara moja anamwomba amkane baba yake na alikatae jina lake, kisha anauliza jina lina nini, ilhali waridi hata likiitwa vingine litanukia vilevile. Swali lake zima ni la jina. Hata sarufi yake inaingia vizuri katika Kiswahili chetu cha zamani, kile cha "u hali gani": Mbona u Romeo? Yaani, kati ya majina yote ya Verona, mji wao, mbona hilo?

Ukiweka mkato kabla ya jina, "Wherefore art thou, Romeo?", kama wengi wanavyoandika kwenye kadi na fulana, umemfanya binti aonekane anamwita mtu aliyepotea, na maneno yote yanayofuata yanakosa pa kushika. Mkato huo uondolewe.

Na mshereheshaji wangu, ambaye kazi yake nyingine usiku ule ilikuwa nzuri kweli, angetosheka na "Bwana harusi, u wapi?" Akitaka sana kulitumia wherefore, angengoja bwana harusi aingie, akae kitini, ndipo amuulize mbona amechelewa.