Mchele ulioko stoo bado si matumizi: dhana potofu kuhusu hesabu za biashara ndogo

Wafanyabiashara wadogo wengi wanaandika wanachotumia: tarehe, kitu, kiasi. Kazi inaharibika mwisho wa mwezi, pale kila shilingi iliyotoka inapojumlishwa pamoja, ikatolewa kwenye mauzo, na kinachobaki kikaitwa faida. Tuchukue mgahawa mdogo wa Dar es Salaam unaouza wali, ugali na vitoweo, tuone dhana zinazoupotosha.

"Pesa ikishatoka, hayo ni matumizi"

Hii ndiyo inayoumiza kuliko zote. Tuseme mwezi Julai, wakati mavuno yameshusha bei, mama mwenye mgahawa ananunua magunia 10 ya mchele ya kilo 100, kila gunia 200,000. Jumla 2,000,000. Mwezi huohuo vitoweo, mafuta, unga na mboga vimekula 1,400,000, gesi na mkaa 250,000, wasaidizi wawili 400,000, pango 150,000. Mauzo ni 3,600,000. Akijumlisha kila kilichotoka anapata 4,200,000, na daftari linamwambia amepata hasara ya 600,000.

Lakini akienda stoo atakuta magunia sita hayajaguswa. Mchele uliopikwa na kuuzwa Julai ni magunia manne tu, yaani 800,000. Matumizi halisi ya mwezi ni 3,000,000, na faida ni 600,000. Agosti mambo yanageuka. Anapika magunia mengine manne, hanunui hata kilo moja, na mengine yote yanabaki vilevile. Daftari sasa linaonyesha faida ya 1,400,000, wakati ukweli bado ni 600,000. Hatari yenyewe iko hapa: Julai anaweza kukimbilia mkopo asiouhitaji au kumwondoa msaidizi mmoja, na Agosti akatumia fedha ambayo ni ya kununulia mchele unaofuata.

Dawa yake ni hesabu fupi ya kila mwisho wa mwezi: thamani ya mali iliyokuwepo mwanzoni, ongeza manunuzi, toa iliyobaki. Jibu ndilo gharama ya ulichouza. Inahitaji uingie stoo na uhesabu kwa macho, na sijaona njia ya kuikwepa kazi hiyo.

Friji nalo lina kanuni yake. La 900,000 halifanyi mwezi mmoja kuwa mbaya, kwa sababu litahudumia mgahawa kwa miaka. Ukilikadiria miaka mitano, kila mwezi unabeba 15,000. Kwa wanaowasilisha hesabu za kodi ya mapato Tanzania, sheria ina viwango vyake vya uchakavu, yaani sehemu ya thamani inayohesabiwa kuwa imetumika kila mwaka: kompyuta 37.5% kwa mwaka, samani na vifaa vingi vya kawaida 12.5% ya thamani iliyobaki.

Rejesho la mkopo linachanganya watu zaidi. Umekopa 1,200,000 kwenye kikundi, unarejesha 220,000 kwa miezi sita. Hapo 200,000 ni kulipa deni, ambalo hukuliandika kama mauzo ulipolipokea. Matumizi ni ile riba ya 20,000 peke yake. Kwa mantiki hiyohiyo, mchango wa upatu si matumizi, na fedha uliyoitoa kwenye droo ukaiweka kwenye simu si matumizi, isipokuwa makato yaliyokatwa.

"Biashara ni yangu, nikichukua sina haja ya kuandika"

Ni yako kweli, na una haki ya kula jasho lako. Tatizo ni kwamba ada ya mtoto, nauli ya shangazi na kilo mbili za nyama zilizopelekwa nyumbani zisipoandikwa, fedha inapungua na hujui imekwenda wapi. Zikiandikwa pamoja na matumizi ya mgahawa, utaona vitoweo vimepanda bei wakati havijapanda, nawe utamlaumu muuza nyama au kumshuku msaidizi asiye na kosa. Fungua safu moja tu, "Nilichochukua mwenyewe", na uandike humo hata chakula ulichobeba, kwa bei uliyokinunulia. Safu hiyo isiingie kwenye hesabu ya faida. Ilinganishe na faida: kama mgahawa umepata 600,000 nawe umechukua 750,000, umekula mtaji wa 150,000. Afadhali ujue mwezi huo kuliko kujua siku mchele umekwisha na huna cha kununulia mwingine.

"Kupanga matumizi kwa makundi ni mambo ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania)"

Mgahawa wetu ukiuza 3,600,000 kila mwezi, kwa mwaka unafika milioni 43.2. Tanzania, mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka huwa kwenye utaratibu wa kodi ya makadirio, unaoangalia mauzo badala ya faida. (Kampuni haimo humo, hata ikiwa ndogo.) Kwa hiyo kugawa mkaa huku na mshahara kule hakupunguzi kodi ya mama huyu. Ni kwa ajili yake yeye, ajue kama sahani ya wali ya leo inalipa.

Hiyo haina maana kwamba kumbukumbu hazina faida kwenye kodi. Katika viwango vya Sheria ya Fedha ya 2019, mwenye mauzo ya 5,000,000 kwa mwaka asiye na kumbukumbu alipangiwa 100,000. Mwenye kumbukumbu alipangiwa 3% ya kilichozidi 4,000,000, yaani 30,000.

"Makundi yakiwa mengi, hesabu zinakuwa za kitaalamu zaidi"

Hapana. Mgahawa huu unatoshwa na makundi machache: chakula kilichotumika, nishati, mishahara, pango, usafiri, makato na riba, matengenezo. Kitunguu hakihitaji kundi lake. Kundi jipya lifunguliwe pale tu jibu lake linapoweza kubadilisha uamuzi, kwa mfano kutenganisha gesi na mkaa wakati unapima uhamie kipi. Na kundi ambalo kila daftari linalo, "Mengineyo", libaki dogo. Siku likizidi pango, lifungue usome kimoja kimoja, maana humo ndimo fedha inamojificha.

Zaidi ya makundi, heshimu msimamo. Ukiandika mifuko ya kufungashia chini ya chakula mwezi huu na chini ya mengineyo mwezi ujao, huwezi kulinganisha miezi hiyo miwili.

"Nina risiti ya EFD, basi ni matumizi ya biashara"

Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, inathibitisha kwamba ulinunua. Haisemi ulinunua kwa ajili ya nani. Kwa wanaotozwa kodi kwa faida, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inakubali matumizi yaliyofanywa yote na kwa ajili tu ya kuzalisha mapato ya biashara. Runinga ya sebuleni haigeuki kuwa ya mgahawa kwa sababu risiti ina jina la mgahawa. Faini uliyolipa serikalini kwa kuvunja sheria nayo haikubaliki kupunguza kodi, hata kama gari lilikuwa linabeba mchele.

Risiti za kweli za biashara zitunze angalau miaka mitano, kama Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inavyotaka. Maandishi ya risiti nyingi za EFD hufifia upesi, hasa ikikaa juani au karibu na jiko, kwa hiyo ipige picha siku hiyohiyo, uandike nyuma yake imenunua nini na imeingia kundi gani.